Injini ya Mashua Katika Mji Usio na Mashua

Habaswein hakuna mashua. Jina lenyewe ni la Kisomali: habaas ni vumbi, weyn ni kubwa. Ukipita hapo na basi la Wajir wakati wa kiangazi utaelewa mara moja aliyeupa mji huu jina alikuwa anaangalia nini. Mto Ewaso Ng'iro, ambao maji yake yanatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unafika upande wetu ukiwa umechoka, unaingia kinamasi cha Lorian na kupotelea mchangani. Miaka mingine haufiki kabisa.

Lakini mimi nimekua nikisikia injini ya mashua. Tuk, tuk, tuk, kuanzia alfajiri, kutoka kibanda cha mabati kando ya kisima. Sisi tuliiita Lister tu, kama vile watu wanavyoita sabuni yoyote ya unga Omo. Miaka mingi baadaye, nikiwa Nairobi, nilitazama video ya wazee wa Uingereza wakishangilia boti ya zamani iliyokuwa imewashwa tena baada ya kukaa kimya muda mrefu. Sauti ikaniamsha. Kumbe ni ile ile!

Hebu tuanze na kiwanda. Robert Ashton Lister alikianzisha mwaka 1867 katika mji mdogo wa Dursley, Gloucestershire, Uingereza, akitengeneza vifaa vya wakulima. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 kiwanda hicho kilikuwa kimeunda injini ya dizeli inayowaka ikiwa baridi, bila kupashwa moto kwanza. Waliiita CS. Ilikuwa na silinda moja, magurudumu mawili mazito ya chuma ubavuni, na mwendo wa pole wa mizunguko kama 600 hivi kwa dakika. Injini ya gari la kawaida barabarani inazunguka mara tatu au nne zaidi ya hapo. Kiwanda hicho hicho kilitengeneza pia injini za boti, kama zile za JP za miaka ya 1930 ambazo mpaka leo ziko ndani ya boti nyembamba za mifereji ya Uingereza. Baadaye zikaja SR na HR, za kupozwa kwa hewa. Hizo zilifungwa botini, zikafungwa kwenye jenereta, zikafungwa kwenye pampu za maji.

Kwa nini injini moja ifae bahari na jangwa? Kwa sababu shida ni zile zile. Nahodha aliye katikati ya maji na mlinzi wa kisima aliye katikati ya vumbi wote wako mbali na duka la spea, na wote hawana wa kumpigia kelele. Wanahitaji mashine isiyotegemea betri. Unashika hendeli, unainua kijiti kidogo juu ya injini kinachoacha valvu wazi ili hewa itoke na gurudumu lizunguke bila kukupinga. Unazungusha kwa nguvu, unaachilia kijiti, na inashika. Mkono wako ndio stata.

Adui tu ndiye anatofautiana. Kwenye boti ni chumvi. Maji ya bahari yanayopitishwa kupoza injini hula chuma polepole, ndiyo maana mafundi wa boti hufunga vipande vya zinki viliwe badala yake. Kwetu adui ni vumbi. Likipita kichujio cha hewa, linachanganyika na oili na kusaga ringi za pistoni na ukuta wa silinda kama msasa. Injini inaanza kutoa moshi wa buluu, inakunywa oili, halafu nguvu inaisha.

Kuna fundi mmoja mzee, tulimwita adeer kama tunavyomwita kila mzee wa rika la baba. Nilimuuliza kwa nini anabadilisha oili mapema kuliko kitabu kinavyosema.

"Kitabu kiliandikwa mahali penye nyasi," akanijibu, akiendelea kufungua nati.

Nilimwona akifungua injini nzima juu ya turubai. Alikwangua masizi kwenye kichwa cha silinda, akasaga valvu kwa mkono na unga wa kusagia mpaka zikakaa vizuri, akapima nafasi ya tapeti, akasafisha nozo ya dizeli. Hakuandika chochote. Nati alizipanga kwa mstari kufuata zilivyotoka, na mstari huo ndio ulikuwa daftari lake.

Afrika Mashariki ina kisa kikubwa kuhusu kazi ya aina hii, na kiko Ziwa Tanganyika. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma, ikaungwa upya. Ilipofika Julai 1916, katikati ya vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi walipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke ulibaki mpaka miaka ya 1970, ndipo ikawekwa dizeli. Majina ya wakuu wa vita yako vitabuni. Waafrika waliobeba, kupiga ribiti na kulisha moto miaka yote hiyo, utawatafuta sana.

Na hapo ndipo roho yangu inapouma. Uingereza, mtu akifufua JP ya babu yake, kuna jumba la makumbusho, kuna jarida, kuna maonyesho ya kiangazi. Ni burudani, na sina ubaya nayo. Kwetu, Lister ikizima, ngamia wanapiga foleni na akina mama wanakaa na madumu juani. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Maji ya chini ya ardhi ya Merti, ambayo mkanda wake mtamu unapita Habaswein kuelekea Dadaab na Liboi, hayakujileta juu yenyewe. Kuna mtu alilala kibandani karibu na pampu.

Sasa hivi sola inaingia visimani, na mimi naifurahia. Dizeli ni ghali, na lori lake hukwama barabarani mvua ikinyesha. Lakini kisanduku cha kuendesha pampu ya sola kikiungua, hakifunguliwi juu ya turubai. Kinasubiri gari la Nairobi. Visima vingi bado vimeweka jenereta pembeni kwa siku kama hiyo, na jenereta hiyo inahitaji mtu anayejua kusikiliza. Vijana wanaojifunza kusikiliza ni wachache, kwa sababu hakuna anayewaambia kwamba hiyo ni elimu.

Kwa hivyo ukienda nyumbani likizo, iwe Habaswein, Lamu au Kigoma, mtafute fundi wa zamani. Washa simu, mrekodi. Usimuulize maswali makubwa. Muulize anajuaje valvu imekaa sawa, alifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani. Kwa adeer nilifika vizazi vitatu nyuma, mpaka kwa kijana aliyebebea mzungu mmoja sanduku la spana. Kazi yake ilikuwa kubeba tu. Alikuwa anaangalia.