Aya kwa aya: Kiingereza kilichookotwa katika Maandiko

Mwanzoni mwa mwezi Mei mwaka 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, kijana mmoja wa Kiyao alisimama chini ya mti mkubwa akasoma ibada ya maziko kwa Kiingereza. Aliyezikwa hapo ni moyo wa Dk. David Livingstone, mwili wenyewe wenzake waliukausha juani ili waupeleke pwani. Ibada ilipokwisha, kijana yule alichonga jina la marehemu na tarehe kwenye gome la mti. Jina lake Jacob Wainwright. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Aprili 1874, alikuwa miongoni mwa watu wanane waliosindikiza jeneza ndani ya kanisa la Westminster mjini London. Na zaidi ya hayo, aliacha shajara ya safari ile, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiingereza.

Majina ya Chuma na Susi tunayajua tangu shule ya msingi. Wainwright hatajwi sana. Lakini mimi humfikiria kila ninaposikia watu wakibishana juu ya Kiingereza katika shule zetu, maana swali linanijia: mtoto aliyetekwa na wauza watumwa katika nchi ya Wayao, aliipata wapi lugha ile?

Aliipata Bara Hindi. Manowari za Waingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi zilipeleka wengi wa watoto waliookolewa Bombay, na baadhi yao wakakabidhiwa kwa wamisionari wa CMS waliokuwa na makao yao karibu na mji wa Nasik. Huko walifundishwa uhunzi, useremala na Maandiko Matakatifu. Kiingereza na dini havikuwa masomo mawili. Kitabu cha kusomea kilikuwa kile kile cha kusalia. Vijana wa Nasik waliporudi pwani yetu, Rabai na baadaye Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa karibu na Mombasa miaka ya 1870, walikuwa makarani, walimu na wakalimani. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885.

Sasa, kwa nini Maandiko? Wengi hujibu haraka kwamba ndicho kitabu pekee walichokuwa nacho wamisionari. Jibu hilo ni kweli nusu. Vitabu vingine vilikuwapo, lakini hakuna kilichokuwa na kitu kimoja kidogo ambacho sisi hatukitii maanani: namba.

Mwaka 1551 mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, alichapa Agano Jipya ambalo kila sura imekatwa vipande vidogo vyenye namba. Sura zenyewe zilikuwa zimekwisha kugawanywa karne tatu nyuma. Mwaka 1560 Biblia ya Kiingereza iliyochapwa Geneva ilifuata mtindo huo kuanzia mwanzo hata mwisho, na baada ya hapo karibu kila lugha ikafuata. Fikiria maana yake kwa mtu asiye na mwalimu. Akiwa na kitabu cha lugha yake mkono huu na cha Kiingereza mkono ule, hahitaji kuuliza sentensi hii inalingana na ipi. Namba inamwambia. Sentensi zaidi ya elfu thelathini, zimepangwa bega kwa bega, na nyingi ya habari zake amekwisha kuzisikia kanisani hata anazijua kwa moyo. Kamusi gani ingemfanyia hivyo? Kamusi ya Madan ya Kiingereza na Kiswahili ilitoka mwaka 1894, nayo ilitungwa kwa ajili ya Mzungu anayetaka kusema na mtumishi wake.

Kwa upande wa Kiswahili kazi ilianza mapema. Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mwaka huo huo akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Askofu Edward Steere wa Unguja alifanya kazi kubwa zaidi, na Biblia nzima ya Kiunguja ikapatikana mwaka 1891, yeye akiwa amekwisha kufariki. Ile ya Kimvita ikaja mwaka 1914. Ile ambayo wengi wetu tumeizoea, ya Muungano, ilitoka mwaka 1952. Kila moja ya hizi ilipofika mkononi mwa mtu mwenye Biblia ya Kiingereza, ilizaa shule isiyokuwa na paa wala ada.

Hapo ndipo penye kichekesho cha historia. Wamisionari wengi hawakukusudia shule hiyo. Wao walitaka Mwafrika apate Neno kwa lugha yake, na kwa haki walitoka jasho kwa ajili hiyo. Lakini Kiingereza chenyewe wengi wao walikitoa kwa kijiko. Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 ilipendekeza lugha za wenyeji katika madarasa ya chini, Kiingereza kije baadaye. Sababu za kielimu zilikuwapo, sizikatai, na hata leo wataalamu wanazikubali. Ila wako walowezi na maofisa waliokuwa na sababu nyingine: mtu ajuaye Kiingereza atasoma sheria, atasoma gazeti, ataandika barua London.

Linganisha na Uingereza yenyewe. Huko, mwanzoni mwa karne ya 15, kanisa lilikataza kufasiri Maandiko kwa Kiingereza bila kibali. Lugha ya wakubwa ilikuwa Kilatini, na mkulima alitaka kusoma kwa lugha ya nyumbani kwake. William Tyndale alilazimika kukimbilia bara la Ulaya, akachapa Agano Jipya lake mjini Worms mwaka 1526, na mwaka 1536 akanyongwa kisha akachomwa moto huko Vilvoorde, karibu na Brussels. Sehemu kubwa ya maneno yake ndiyo yaliyoingia katika Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Mkulima wa Uingereza alinyimwa lugha yake akapewa ya wakubwa. Mkulima wa Kiambu alipewa lugha yake akanyimwa ya wakubwa. Wote wawili walijua kilichofichwa.

Katika nchi ya Wakikuyu, Mkristo aliitwa mtu wa kusoma, yaani mwenye ‘athomi’ wenzake. Buganda nako waumini waliitwa wasomaji. Agano Jipya la Kikuyu lilitoka mwaka 1926, na miaka mitatu tu baadaye ulizuka ule ugomvi mkali wa tohara ya wanawake. Katika Agano hilo bikira Maria aliitwa ‘muiritu’, na kwa Wakikuyu wa wakati ule muiritu ni msichana aliyekwisha kutahiriwa. Basi wako waliosema: kama Maria alikuwa muiritu, mnatukataza nini? Mimi siungi mkono tohara ile hata kidogo, na neno la Kiingereza lililo mahali pale halisemi lolote juu ya kisu. Lakini tazama kilichotokea. Hoja ilikuwa juu ya neno moja, na mfasiri alitakiwa kulijibia. Anayesoma lugha moja tu humtegemea mfasiri. Anayesoma mbili humkagua.

Shule za kujitegemea za Wakikuyu zilizotapakaa miaka ya 1930 ziliweka Kiingereza mbele, tena mapema kuliko serikali ilivyopenda. Wazazi walichanga fedha zao wenyewe. Mwaka 1939 wakafungua chuo chao cha walimu Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ikazifunga shule hizo.

Kiingereza kilichookotwa hivyo kilikuwa Kiingereza gani, basi? Kilikuwa cha mwaka 1611, na hata wakati huo kilikuwa kimeanza kuzeeka. Babu yangu mzaa mama, aliyekuwa karani katika shamba moja la mkonge mkoani Tanga, alijifunza kwa njia hii. Alikuwa na Biblia mbili na kipande cha boksi. Alifunika aya ya Kiingereza kwa boksi, akaisoma ya Kiswahili, akaandika kwenye daftari namna anavyodhani Kiingereza chake kitakuwa, kisha akafunua na kujisahihisha kwa kalamu nyekundu. “Mjukuu wangu,” aliniambia, “mwalimu wangu hakuwahi kunichapa wala kuugua.”

Ila mwalimu huyo alikuwa na vituko. Katika sura ya pili ya Walawi, babu alikuta kwa Kiingereza sadaka ya “meat”, na kwa Kiswahili sadaka ya unga. Akafikiri wapiga chapa wamekosea. La hasha. Zamani “meat” lilikuwa chakula chochote, na sadaka ile haina nyama hata kipande. Akakuta wanafunzi wa Yesu wakipita katika mashamba ya “corn”, akawaona rohoni wakivunja mahindi mabichi, wakati mahindi hayakutoka Amerika mpaka baada ya mwaka 1492. Neno “suffer”, ambalo leo ni kuteseka, lilisimama kinyume cha “waacheni”, pale watoto wadogo wanapoletwa. Neno “let” mahali pamoja lina maana ya kuzuia, kinyume kabisa cha leo, na “prevent” lina maana ya kutangulia. Bila Kiswahili kando, maneno hayo yangempotosha. Kwa sababu Kiswahili kilikuwapo, alijua maana ya kale kuliko vijana waliosoma sekondari.

Tena kulikuwa na zile herufi za mlazo. Katika Biblia ya Mfalme James, neno lililoongezwa na wafasiri ili sentensi isimame, ambalo halimo katika lugha ya asili, huchapwa kwa mlazo. Mara nyingi ni kitenzi kidogo tu, kile ambacho sisi tunasema ‘ni’. Lakini katika vitabu vingine vyote mlazo ni alama ya mkazo. Nimewasikia wasomaji wengi kanisani wakiyapigia kelele maneno yale ambayo nabii hakuyasema kabisa.

Mwaka mmoja shamba lile lilichelewesha mishahara ya wakataji mkonge. Babu ndiye aliyeombwa kuandika barua kwa meneja. Aliandika kwa lugha aliyokuwa nayo, yaani lugha ya manabii, akimwita meneja “thou” na kumsihi kwa maneno ambayo Uingereza yaliachwa zamani. Meneja aliisoma kwa sauti mbele ya makarani, akacheka mpaka akavua miwani. Chini ya barua babu alikuwa ameandika namba tu, bila maneno: Yakobo, sura ya tano, aya ya nne. Meneja alikuwa mtu wa kanisani. Wasikilizaji wenye Biblia nyumbani watafungua wenyewe waone mtume anasema nini juu ya ujira wa waliovuna mashamba. Mishahara ililipwa juma lililofuata, ingawa ilipungua. Babu alisema kicheko hakikumuuma, kwa sababu aliyecheka alikuwa ameelewa.

Ndugu zangu Waislamu msidhani habari hii haiwahusu. Marmaduke Pickthall alipotoa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza mwaka 1930, na Abdullah Yusuf Ali alipoanza kuitoa ya kwake mwaka 1934, wote wawili walichagua Kiingereza cha namna ile ile ya kale, kwa kuwa ndicho kilichosikika kitakatifu masikioni mwa wasomaji wao. Baada ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy kukamilisha tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1969, kijana wa Unguja au Lamu aliyetaka Kiingereza aliweza kufanya kama babu yangu, aya kwa aya, naye akakutana na “thou” yule yule.

Na huyo “thou” si takataka ya zamani, kama baadhi ya walimu wanavyosema. Kiingereza cha leo kina “you” mmoja tu, akisemeshwa mtu mmoja au kijiji kizima. Kile cha 1611 kiliwatenganisha, kama Kiswahili kinavyotenganisha wewe na ninyi. Chukueni Luka, sura ya 22, aya ya 31 na ya 32, pale Yesu anapomsemesha Simoni usiku wa mwisho. Shetani amewataka wanafunzi wote, kwa wingi. Aliyeombewa ni mmoja, kwa umoja. Hapo ndipo ulipo uzito wa maneno yale: hatari ni ya kundi, na sala imewekwa juu ya mtu ambaye usiku huo huo atamkana. Katika Biblia ya Mfalme James tofauti hiyo ipo. Katika tafsiri kadhaa za Kiingereza cha kisasa imepotea, au imebidi iwekwe chini ya ukurasa kwa maandishi madogo. Katika Kiswahili haikupotea hata siku moja. Mtoto wa darasa la tano wa Muheza anaisikia bila kuambiwa.

Wainwright alifariki Urambo mwaka 1892, na shajara yake imehifadhiwa Scotland. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaendelea na Madan na kamusi zake, na watu wa Unguja waliomsaidia.