Namuuguza Mama

Ukimpigia simu mtu wa Kibiti ukamkuta yuko hospitali na mzazi wake, hatakwambia amekuja kumwona. Atasema: "Niko huku, namuuguza mama." Kisikilize vizuri hicho kitenzi. Cheo cha "muuguzi" tumempa mwenye sare na cheti, lakini kuuguza bado ni kazi ya ndugu, na mwenyewe anajua hivyo. Sasa je, nesi naye anajua?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Moyo kushindwa kazi haina maana kwamba moyo umesimama. Unasukuma damu kwa udhaifu, maji yanatuama miguuni na kwenye mapafu, mtu akilala chali anakosa pumzi. Zamani tiba ilikuwa kulazwa na kupumzishwa, pamoja na dijitalisi, dawa ya mmea ambayo daktari Mwingereza William Withering aliiandikia kitabu mwaka 1785. Miaka ya 1960 ikaja furosemide, kidonge cha kukojoza yale maji, na mgonjwa akaweza kurudi kwake. Habari njema kabisa. Ila ona kilichotokea kimyakimya: kazi ya wodi ilimfuata mgonjwa nyumbani, ikampata mke, binti au mkamwana ambaye hakuna aliyemfundisha chochote.

Na nyumbani kwenyewe kwa Warufiji si pamoja. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu kutoka bondeni, ikawapeleka vijiji vya juu. Nyumba zikapanda, mashamba ya mpunga yakabaki chini. Ndiyo maana msimu ukifika familia huhamia dungu, kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Mwenye mgonjwa wa moyo afanyeje? Ampandishe ngazi ya dungu, au akose mavuno? Utafiti wa Dk. Abel Makubi na wenzake pale Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa 427 wa aina hii. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na chanzo kikubwa kilikuwa shinikizo la damu. Miaka 55! Huyo kwa Rufiji bado ni mtu wa jembe. Akiugua, familia inapoteza mikono yake, kisha na ya yule anayemuuguza.

Delta nako kuna lake. Ukitoka Kiongoroni au Salale kwenda kliniki unapanda boti, na boti inasubiri maji yajae. Mama aliyemeza kidonge cha kukojoza asubuhi, katikati ya boti iliyojaa wanaume, atajisaidia wapi? Basi siku ya safari hamezi. Anafika kwa nesi amevimba, na kwenye faili linaandikwa: hafuati dawa. Binti aliyemleta anaijua sababu, ila kaambiwa asubiri nje.

Hapo ndipo historia ya Rufiji inaponikera kidogo. Mwaka 1998 wilaya hii, wakati huo Kibiti ikiwa bado ndani yake, ilianza kufuatiliwa kitakwimu kaya kwa kaya: nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Kazi hiyo iliihusu jamii ya watu zaidi ya 80,000, na imesaidia sana kupanga huduma za afya. Kwa kuwa wengi walifia nyumbani, chanzo cha kifo kilitafutwa kwa kumhoji ndugu aliyemuuguza marehemu. Je, miguu ilivimba? Alikosa pumzi akilala? Kwa muda gani? Majibu yake yalisomwa na madaktari, yakawa data. Kwa hiyo sayansi ilishakubali kwamba muuguzaji wa nyumbani ni shahidi wa kuaminika, lakini ilimpa kiti baada ya maziko.

Usidhani nawalaumu manesi. Nesi mmoja mwenye wodi nzima anamtegemea ndugu amwogeshe mgonjwa, amlishe, akimbie duka la dawa. Saa moja baadaye ndugu huyohuyo ni mtu wa kufukuzwa, muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Anaonekana kama mikono, au kama kero.

Nesi anayemwona kama mwenzake hahitaji mashine. "Mama, baba analalia mito mingapi siku hizi?" Ikiwa mwezi jana ni mmoja na leo ni mitatu, maji yanapanda. Anamwonyesha kubonyeza kwa kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo likibaki asingoje tarehe ya kliniki. Anataja chumvi kwa majina yake ya mwambao, papa mkavu na ng'onda, maana ukisema "punguza chumvi" watu wanafikiria kijiko tu. Anauliza boti inaondoka saa ngapi, ili wapange pamoja saa ya kidonge. Halafu anamgeukia binti: "Na wewe, unalala?"