Fahamu Namna Umahiri wa Mtarajali wa Tiba ya Kisaikolojia Unavyopimwa

Tiba ya kisaikolojia hutolewa kwa mazungumzo, na hakuna kipimo cha maabara kinachoonesha kuwa mazungumzo hayo yamefanyika ipasavyo. Kwa sababu hiyo, mtarajali hupimwa kwa kuangaliwa akiwa kazini, na kwa namna anavyoutumia usimamizi wa kitaalamu.

Upimaji wa stadi

Miongoni mwa zana zinazotumika ni ENACT, iliyotokana na utafiti uliofanyika Nepal, ambayo sasa imo katika jukwaa la EQUIP la Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF. Mtarajali huzungumza na mtu aliyeandaliwa kuigiza mteja. Mtathmini huangalia iwapo amesikiliza, ameeleza usiri na mipaka yake, na ameuliza waziwazi kuhusu mawazo ya kujidhuru. Kila stadi hupewa ngazi ya 1 hadi 4. Ngazi ya 1 humaanisha kuwa mwenendo huo unaweza kumdhuru mteja.

Mazingira ya Ufipa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa, mteja mzee anaweza kueleza huzuni yake kwa Kifipa, au kusema kuwa amerogwa. Mtarajali akimkejeli, mteja hunyamaza. Akikubaliana naye, huenda jirani asiye na hatia akatuhumiwa. Aliye mahiri huuliza maelezo hayo yana maana gani kwa mteja, wala hamtumii mtoto wa mteja kuwa mkalimani wa siri za mzazi wake.

Matumizi ya usimamizi

Katika kikao cha usimamizi, mtarajali huwasilisha kumbukumbu za mazungumzo, au rekodi iliyoridhiwa na mteja. Msimamizi huangalia mambo matatu: iwapo mtarajali huleta pia vikao vilivyomshinda, iwapo ushauri aliopewa unaonekana katika kikao kinachofuata, na iwapo dalili za hatari kwa mteja au kwa mtu mwingine huzitolea taarifa siku hiyohiyo. Mtarajali anayeleta mafanikio matupu kila wiki hasifiwi kwa hilo, kwani kosa lililofichwa haliwezi kurekebishwa kabla halijamfikia mteja.

Haki ya mteja

Mteja anastahili kuelezwa kuwa anahudumiwa na mtarajali, kumfahamu msimamizi wake, na kukataa kurekodiwa bila kunyimwa huduma. Mwananchi anayehitaji msaada aanzie katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye ili apewe rufaa inapobidi.