Ala za Fundi wa Injini za Kale

Tangu Charles Kettering wa Marekani, karibu na mwaka 1910, kuyatia magari ya Cadillac mtindo wa kuwasha petroli kwa betri, koili na platini, uzima wa injini ulitegemea mwanya mwembamba baina ya platini hizo, wa takriban nusu milimita au pungufu. Na kwa sababu hiyo ala ya awali ya fundi hodari ilikuwa fila, yaani vibamba vya chuma vyenye unene maalumu.

Baadaye ikaja taa ya taiming, ambayo humetameta kila plagi ya kwanza itoapo cheche, hata alama ya puli iendayo kasi ikaonekana kana kwamba imesimama; na pamoja nayo geji ya mvuto wa hewa, ambayo sindano yake hudhihirisha vali inayovuja kabla injini haijafunguliwa.

Sheria ya Marekani ilipoyalazimisha magari ya mwaka 1996 kuwa na tundu moja la kusomea hitilafu kwa kompyuta, elimu hiyo ilianza kudharauliwa. Lakini Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968, haina tundu hilo, wala haina haja nalo. Mwenye gari la namna hiyo na anunue kwanza fila, kisha taa, kisha geji, na autumie utaratibu huohuo kazini: platini kwa fila kabla ya taiming kwa taa, na kabureta mwisho kwa geji, kwani mwanya wa platini ukibadilika, taiming nayo hubadilika.