Merikebu Yenye Jina la Rafiki



Vita vikiisha, askari hurudi nyumbani. Lakini bomu lililotegwa baharini halisikii tangazo la amani. Hukaa majini miaka na miaka, likimngoja yeyote apitaye.

Mwishoni mwa mwaka 1918, Uingereza ilituma merikebu katika Bahari ya Baltiki kuisaidia Estonia, taifa dogo lililopigania uhuru wake dhidi ya Wabolsheviki wa Urusi. Tarehe 5 Desemba, merikebu Cassandra iligonga bomu ikazama, na mabaharia 11 wakafa. Januari 1919, Admirali Walter Cowan alishika uongozi. Mwezi wa Julai, Myrtle na Gentian, merikebu mbili zenye majina ya maua, zikazamishwa na mabomu yaleyale zilizotumwa kuyaondoa. Tarehe 2 Februari 1920, mjini Tartu, Urusi ilitia sahihi mkataba wa kuutambua uhuru wa Estonia.

Vita Kuu ya Pili vya dunia vilijaza tena maji hayo mabomu, makumi ya maelfu. Ndiyo maana Estonia ilinunua kwa Waingereza merikebu ya kuwinda mabomu, Sandown, ikakabidhiwa mwaka 2007. Mwili wake ni wa plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo, kwa sababu chuma kingeamsha mabomu ya sumaku. Hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Kisha mtambo mdogo au mzamiaji hushuka kuhakikisha ni kitu gani. Bomu moja, kisha jingine: kazi ya uvumilivu, isiyo na shangwe.

Merikebu ile haikuwa zawadi, ililipiwa. Hata hivyo Waestonia waliipa jina jipya lisiloweza kununuliwa: Admiral Cowan. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita, wala hawakusahau.

Mwaka 2010, jeshi la bahari la Estonia lilitangaza kwamba limeyapata mabaki ya Cassandra, Myrtle na Gentian. Hivyo merikebu zilizozamishwa na mabomu zilipatikana na wale waliorithi kazi ya kuyaondoa.

Katika kikundi chenu, mjadiliane: ugomvi wa wazee wetu umeacha nini kilichofichika kati ya jirani na jirani? Na ni nani atakayekubali kukiondoa, polepole, kimoja kimoja, ingawa si yeye aliyekitega?