Bei ya Upanga: Historia Fupi ya Masoko ya Njozi

Mwaka 1986 kampuni ya Enix ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Dragon Quest, uliobuniwa na Yuji Horii. Mfalme wa Alefgard amepokonywa binti yake, giza limetanda juu ya milki, na tegemeo lililobaki ni kijana mmoja wa ukoo wa shujaa wa kale. Mfalme anamtwika kazi ya kuiokoa dunia, na kumpa dhahabu 120. Kijana anashuka mjini, anauliza bei ya upanga wa shaba. Anaambiwa 180. Hivyo mkombozi wa dunia hutoka dukani na rungu la 60, au fimbo ya mwanzi ya 10.

Wachezaji wamelicheka jambo hili kwa miaka mingi, na wana haki. Muuza duka anajua fika kwamba joka likishinda naye ataangamia, lakini hapunguzi hata senti. Kijana akimrudishia kitu alichokinunua sasa hivi, atalipwa nusu ya bei. Mwenye duka huyo haishiwi bidhaa wala haishiwi fedha. Na mazimwi wa porini, wasio na soko wala mshono wa mfuko, kila mmoja akiuawa huacha dhahabu.

Mzizi wa mambo haya uko katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax aliiona kasoro hiyo. Katika vitabu vyake vya mwishoni mwa miaka ya 1970 alieleza kwamba bei zake ni za juu makusudi, kama zile za miji ya Alaska wakati watu walipokimbilia dhahabu. Pale penye wachimbaji wengi wenye mifuko mizito, yai nalo huwa ghali. Jibu hilo lina busara, ila bei katika michezo hii ina kazi nyingine pia: hupima muda. Upanga wa 180 maana yake ni kwamba mchezaji apigane kwanza, akomae, ndipo aruhusiwe kusonga mbele.

Mchezaji akiwa peke yake, uongo huo haumdhuru mtu. Mambo yalibadilika maelfu walipoingia katika soko moja. Ultima Online, uliozinduliwa mwaka 1997 chini ya Richard Garriott, ulianza kwa mpango wa kupendeza: mali yote ya dunia ile iwe na kiasi maalumu, izunguke bila kuongezeka, mfano wa bao letu lenye kete 64, ambazo huhama shimo hadi shimo na hesabu yake haibadiliki. Lakini mcheza bao hawezi kutia kete mfukoni. Wachezaji wa Ultima walilimbikiza mashati na silaha ndani ya masanduku, malighafi mpya ikakosa kuzaliwa, na mpango ukaachwa. Badala yake yakaja mabomba mawili, moja la kuingiza mali na jingine la kuitoa. La kwanza liliposhinda la pili, dhahabu ilishuka thamani.

Wasomaji wa pwani hawana haja ya kwenda mbali kupata mfano wa kweli. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kununua simbi za Zanzibar na pwani yake, zilizopatikana kwa bei ndogo, na kuzipakia merikebuni kwenda Afrika ya Magharibi, ambako simbi ilikuwa fedha. Faida yao ilikuwa kubwa mno. Shehena zilivyozidi, ndivyo simbi ilivyopoteza thamani katika masoko ya huko. Aliyeuza mafuta ya mawese na kujiwekea simbi za uzee wake aliona akiba yake ikiyeyuka, na hakuna mwizi aliyevunja mlango wake.

Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova alichunguza Norrath, nchi ya mchezo wa EverQuest, ambayo mali zake ziliuzwa kwa dola halisi. Alikadiria kwamba saa moja ya kucheza ilizalisha dola 3.42. Miaka michache baadaye, nchini China, vijana waliajiriwa kwa zamu ndefu waue mazimwi, ili dhahabu yake wauziwe wachezaji wenye fedha na wasio na subira. Kwao rungu na joka havikuwa njozi tena. Vilikuwa jembe na shamba la mtu mwingine.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kicheko juu ya upanga wa shaba ni halali, lakini kila sarafu, iwe ya mfalme wa Alefgard au ya ganda la baharini, ina mtu anayeifungulia bomba. Mwenye kuweka akiba na amtafute huyo kwanza.