Wasemaji tele, waandishi haba

Mwenye duka la jumla huko Makina, Kibera, alinisimamisha juzi. "Mwalimu, Wasomali wamejaa Nairobi hii, mbona nakosa mtu wa kunitafsiria programu ya hesabu?" Programu yenyewe ni ya Kiingereza, na anaowauzia kwa mkopo kule Eastleigh wanataka kuyasoma madeni yao kwa Kisomali.

Mpenzi msomaji, jibu liko katika historia. Kisomali kilikaa bila hati rasmi hadi Oktoba 21, 1972, serikali ya Siad Barre ilipotangaza hati ya Kilatini. Kabla ya hapo mabishano yalikuwa makali. Wapo waliotaka hati ya Kiarabu, wapo walioshikilia Osmanya, iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid. Hati iliyoshinda, ambayo msingi wake ni kazi ya Shire Jama Ahmed, haina vitone wala vistari juu ya herufi. Sauti nzito ya H ilipewa herufi X, na sauti ya ayn ikapewa C. Ndiyo maana leo kibodi ya kawaida inatosha. Mwaka wa 1974 wanafunzi walitumwa hadi mashambani kuwafundisha wafugaji kusoma.

Ila kampeni hiyo ilikuwa ya Somalia. Msomali wa Garissa au Wajir alisomeshwa kwa Kiingereza na Kiswahili. Basi utampata mhasibu anayepiga bei kwa Kisomali kutwa nzima, lakini mwambie aandike, kalamu inasita. Wanubi wa Makina wanaijua hali hii. Kinubi chao, kilichokuja na askari kutoka Sudan, kinasikika nyumbani na barazani, lakini ukitafuta maandishi yake utachoka.

Msamiati wenyewe haujapungua. Mwingi tunachangia nao asili ya Kiarabu: *xisaab* ni hesabu, *deyn* ni deni, *faa'iido* ni faida, *khasaare* ni hasara. Kazi inaanza pale neno moja linapobeba mizigo mingi. *Xisaab*, sawa na hesabu yetu, ni somo la shuleni na pia ni akaunti. Ndiyo maana wengi wameazima *akoon*, kama sisi tulivyoazima akaunti. Halafu kuna ile nyongeza ya mkopo. Kiswahili cha benki kinaiita riba bila kupepesa macho, ingawa kwa Mwislamu hilo ni jina la dhambi. Kisomali cha benki kina *dulsaar*, yaani kilichowekwa juu. Mfasiri akiandika *faa'iido* mahali hapo, mteja anaweza kudhani ni faida ya mauzo, na ugomvi uanze siku ya kulipa.

Nilimshauri atafute watu wawili: mmoja aliyesoma Kisomali darasani, Mogadishu au Hargeisa, na mwingine aliyeshika daftari la duka kwa miaka. Wakae meza moja. Akauliza kama atawalipa wote wawili. Nikamwambia ndiyo, na mapema.